Mama na Mwana, na betri za babu

Nimepotea wiki tatu, mnisamehe. Kwanza mitihani ya majaribio, halafu bumu likachelewa, halafu nikaenda nyumbani Handeni kwenye arobaini ya babu. Huko ndiko nilikoipata habari ninayotaka kuwaandikia leo. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuteni kimbweta chenye kivuli.

Ilianzia darasani. Kwenye semina ya historia ya vyombo vya habari mwalimu alituonyesha filamu kuhusu Fred Rogers wa Marekani. Wengi wetu tulikuwa hatumjui kabisa. Ni mchungaji wa Kipresbiteri aliyeendesha kipindi cha watoto kwenye televisheni, kikaanza kuonekana nchi nzima mwaka 1968 na kikaishia 2001. Mwenyewe alifariki mwaka 2003. Anaingia ndani, anavua koti, anavaa sweta, anabadilisha viatu, anaanza kuongea na mtoto aliye upande wa pili wa kioo, taratibu, kama mtu ambaye siku hiyo hana kazi nyingine. Basi. Hakuna mabomu wala mbio. Tarehe 1 Mei 1969 alikwenda mbele ya kamati ya Seneti kutetea dola milioni 20 za televisheni ya umma, akaongea dakika chache kwa sauti ileile anayoongea na watoto, na seneta mkali aliyekuwa akiongoza kikao akalainika palepale. Mwaka huohuo, wakati bado kulikuwa na ugomvi wa watu weusi kuogelea na weupe, alikaa na polisi mweusi wa kwenye kipindi chake wakaweka miguu kwenye beseni moja la maji. Hakuhubiri. Miguu tu kwenye maji.

Filamu ilipoisha mwalimu akauliza: "Na sisi? Wa kwetu alikuwa nani?"

Kimya. Halafu mmoja nyuma akasema, "Ubongo Kids!" Watu wakacheka, lakini si jibu baya. Ubongo Kids ilianza TBC1 Januari 2014, imetengenezwa hapahapa Dar, na wadogo zangu wanawajua Kibena na Kiduchu kuliko wanavyowajua mashangazi zao. Ila wale ni katuni. Mwalimu alikuwa anauliza mtu. Akatuambia kila mmoja aandike kurasa tano, na ushahidi.

Mimi nilirudi bwenini nikakaa najiuliza. Maana ukitafuta mtangazaji wa watoto wa televisheni Tanzania Bara zamani, humpati, kwa sababu televisheni yenyewe haikuwepo. Zanzibar walianza mwaka 1974, tena ya rangi moja kwa moja. Huku Bara tulikaa miaka 20 zaidi. Serikali ya Mwalimu iliiona televisheni ni anasa kwa nchi ambayo bado inatafuta maji na madarasa, na vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vikaja mwaka 1994 wakati Mwalimu ameshang'atuka. Yaani mtoto aliyezaliwa Handeni mwaka 1972, kama mama yangu, alimaliza utoto wote bila kuona kioo. Na hata baada ya 1994, kule kijijini kwetu upande wa Sindeni televisheni maana yake ilikuwa kibanda cha video chenye jenereta, unalipa, unaangalia mpira au filamu ya kupigana. Hakuna wa kukuuliza unaendeleaje.

Kwa hiyo nikahamia redioni. Na redio ina historia yake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, enzi za Mwingereza, na mwanzoni ilisikika Dar na kandokando tu. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, chombo cha serikali, na kwa karibu miaka 30 ndiyo ilikuwa redio pekee ya Bara. Hapo unapaswa kuelewa maana ya neno pekee. Sisi leo kila mtu na spika zake masikioni, humu bwenini watu sita wanasikiliza vitu sita. Wakati ule nchi nzima ilikuwa na sauti chache mno, na kila mtu alizijua. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha watu kama milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kwenda kuchimba vyoo. Paul Sozigwa alipoingia na Mazungumzo Baada ya Habari, wazee walinyamazisha watoto. Pwagu na Pwaguzi walipoingia, wazee walicheka na watoto.

Na watoto walikuwa na chao. Kiliitwa Mama na Mwana, na mtangazaji wake anayekumbukwa kuliko wote ni Deborah Mwenda. Muulizeni mzazi yeyote aliyekulia miaka ya sabini na themanini, mtajie jina hilo tu, halafu mwangalie uso. Mimi nimejaribu kwa watu wengi. Mhasibu mmoja hapa chuoni, mama mkali kweli, nilimtajia dirishani wakati nafuatilia karatasi yangu. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Bibi Deborah!" kama kamwona getini. (Karatasi yangu ilishughulikiwa siku hiyohiyo, sitasema zaidi.)

Kilichokuwa kinafanyika kwenye kipindi ni hadithi. Mwanamke anawasimulia watoto hadithi, na anawasimulia wao, siyo wazazi wao. Nilipowauliza watu nini hasa wanakumbuka, wachache mno walinitajia kisa fulani. Karibu wote walinitajia sauti. Mmoja aliniambia, "Alikuwa hatugombezi." Hilo nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari. Fikiria utoto wa wakati ule: shuleni fimbo, nyumbani fimbo, na redio yenyewe muda mwingi inawaambia watu wazima limeni, jengeni, someni, hudhurieni. Elimu ya msingi kwa wote ilikuja mwaka 1977, madarasa yakajaa, mwalimu mmoja watoto wengi, nani ana muda wa kuongea na mtoto mmoja taratibu? Halafu katikati ya hayo yote sauti moja ya mwanamke inatulia na kuongea na wewe.

Kuna jambo la lugha pia ambalo nadhani wanahistoria wetu wanalipita haraka. Nyumbani kwetu bibi na babu waliongea Kizigua. Upande wa Korogwe utakuta Kisambaa, Kibondei, na kwenye makambi ya mkonge watu wa kila kabila walioletwa kukata katani tangu Wajerumani wapande mkonge mwaka 1893. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, yaani lugha ya kuulizwa maswali na kuchapwa ukikosea. Mama anasema Kiswahili cha kuchekea na kuogopea, cha "hapo zamani za kale" na cha kulala, alikipata redioni kabla hajakipata popote. Ndiyo maana hadi leo akisimulia kitu kizuri anatoka kwenye Kizigua chake anaingia kwenye Kiswahili laini kidogo ambacho hakuna mtu mwingine kijijini anakiongea. Mimi nilidhani ni maringo. Kumbe anaiga mtu.

Sasa nirudi kwenye arobaini.

Baada ya dua na pilau, wanawake wakawa wanatoa vitu vya babu kwenye sanduku. Koti, bakora, vitambulisho vya chama, na redio. Redio ya betri, kioo kimepasuka, mpini umefungwa kwa kamba ya katani. Mama alipoiona alikaa chini. Mamkubwa, dada yake anayekaa Manundu pale Korogwe, alikuwa nyuma anaosha masufuria. Nikamuuliza mama, "Hii ndiyo ile ya Mama na Mwana?" Akanivuta mkono tukaenda mpaka kwenye mwembe.

Ilikuwa mwaka 1983. Kama mmesoma, ule ndio mwaka wa Sokoine na wahujumu uchumi, watu wanamwaga sukari vichakani usiku kwa kuogopa msako. Kitu chochote cha dukani kilikuwa dhahabu, na betri zikiwemo. Babu alikuwa na betri za kuhesabu. Zikichoka aliwatuma watoto wazianike juani juu ya jiwe, zinapata nguvu kidogo, zinarudi. Sheria yake ilikuwa: redio inawashwa kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na inawashwa kwa Mama na Mwana. Tu. Mzee ambaye mimi nilimjua kwa ukali, kumbe alikuwa amewatengea watoto wake sehemu ya betri. Hilo peke yake lilinishangaza.

Mama alikuwa na miaka 11. Usiku mmoja akaichukua redio kabatini, akaingia nayo chini ya shuka, akasikiliza muziki wa dansi kwa sauti ya chini. Usingizi ukamchukua. Redio ikaendelea. Alfajiri aliirudisha kimya kimya.

Siku hiyo kipindi kikaanza, watoto wamekaa mkekani, mamkubwa ndiye ameshika redio kwa sababu ndiye mkubwa. Hadithi, anavyokumbuka mama, ilikuwa ya msichana aliyepoteza upawa mtoni, akaufuata na mkondo hadi kwa bibi kizee mwenye vidonda. Akamwosha yule bibi bila kinyaa. Bibi akamwambia, sasa niambie unataka nini. Na hapohapo sauti ikaanza kuzama, ikawa ya kama mtu anaongea ndani ya chungu, ikakata.

Saa mbili usiku babu hakupata habari. Aliuliza nani alikuwa ameshika redio. Mamkubwa akapigwa viboko sita. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na hakusema kitu. Hakusema siku hiyo, hakusema mwaka uliofuata, hakusema alipoolewa, na sasa babu tumeshamfanyia arobaini.

Mimi hadithi ya upawa naijua. Nimelelewa nayo. Kwa mama, msichana anaomba kurudi nyumbani, anapewa na ng'ombe juu, dada yake anamkimbilia njiani, wanakula pamoja. Lakini nilipokuwa nasoma sekondari nilikuwa nakaa kwa mamkubwa Korogwe, na huko hadithi ileile ina mwisho mwingine kabisa. Msichana anarudi usiku, anasimama nje ya mlango asikie kama kuna mtu anamtaja. Hakuna. Anageuka anarudi mtoni. Wadogo zangu wa Korogwe walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa nabishana nao kwamba mama yao amekosea. Chini ya mwembe ndipo nilipoelewa kwamba hakuna kati yao aliyeusikia mwisho. Kila mmoja aliutengeneza wa kwake.

Nilirudi Korogwe na mamkubwa kwenye basi, kilometa 65, bega kwa bega, na sikumwambia. Haikuwa yangu kusema. Nilimwuliza tu kuhusu Bibi Deborah, kwa ajili ya kurasa zangu tano. Akacheka, akasema alipokuwa anaumwa kuzaa mtoto wake wa kwanza, mkunga wa pale alikuwa na sauti kama ile, na hofu yote ikaisha. Nikaandika.

Kurasa tano nimezikabidhi. Mwalimu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kumbukumbu za wazee nzuri, lakini kipindi chenyewe kiko wapi?" Ni swali halali, sikatai. RTD iliunganishwa na televisheni ya taifa, baadaye ikawa TBC, na kanda za zamani watu wanapozikumbuka wanakumbuka muziki: Mlimani Park, Jamhuri Jazz ya kwetu Tanga, na hata mradi wa kuzihifadhi kidijitali uliotangazwa miaka ya 2010 ulikuwa wa muziki. Ni haki, muziki ule ni hazina. Lakini nani ameshawahi kudai kanda za hadithi za watoto? Marekani vipindi vya Rogers vinahesabika, 895, unaweza kuvitazama. Wa kwetu kwa sehemu kubwa yuko kwenye koo za akina mama wa miaka hamsini na sitini, wanapopunguza sauti usiku ili mtoto alale.

Juzi Jumapili mama akanipigia. Amempigia dada yake, amemwambia. Nikauliza, amesemaje?

"Amesema alijua. Alfajiri ile aliniona nairudisha kabatini."

Miaka yote hiyo. Alishika redio akijua, akaulizwa akanyamaza, akapigwa. Sikuwa na la kusema, na mama naye alikuwa analia kidogo, tukabaki tunasikilizana pumzi mpaka salio likakata.

Jioni ikaingia meseji ya mamkubwa, yeye huandika kwa herufi kubwa zote. Salamu, unasoma, unakula. Halafu ananiuliza kama huku Dar naweza kuwafuata watu wa redio wanitafutie ile ya upawa, maana anataka kujua yule msichana aliomba nini. Nimemjibu kwamba nitakwenda Jumatano, sina kipindi.