Karatasi ya Wodini: Historia ya Akina Mama wa Kiroma

Tuanze na jina, maana watu huchanganya. Waroma si Warumi wa kale. Mababu zao walitoka India karibu miaka 1,000 iliyopita, na leo ni mamilioni, wengi wakiwa Ulaya. Ukiuliza kwa nini baadhi yao huchelewa kwenda hospitali, utaambiwa ni umbali, umaskini, kukosa bima. Ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine, nayo ilizaliwa ndani ya hospitali zenyewe.

Mwaka 1971 serikali ya Czechoslovakia ilitoa kanuni kuhusu kufunga kizazi. Kwenye maandishi ilikuwa ya raia wote, na kwa hiari. Mitaani mambo yalikuwa mengine kabisa. Maafisa wa ustawi wa jamii waliwafuata wanawake wa Kiroma. Wengine waliahidiwa fedha, wengine wakatishiwa kunyang'anywa watoto. Mwaka 1978 wapinzani wa serikali wa Charta 77 walilianika jambo hili. Ukomunisti ukaanguka 1989, nchi ikagawanyika 1993, lakini upasuaji haukukoma.

Elena Gorolová wa mji wa Ostrava alikwenda kujifungua mtoto wake wa pili mwaka 1990, akiwa na miaka 21. Akapewa karatasi huku uchungu umemshika, akasaini. Baadaye ndipo akaambiwa hatazaa tena. Yaani hiyo ndiyo "hiari" iliyowekwa kwenye faili.

Slovakia nako, mama mmoja wa Kiroma alisainishwa hivyo hivyo mwaka 2000, bila kuelewa neno la kitabibu lililoandikwa. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa haki yake: sahihi ya aliye kwenye uchungu, asiyeelezwa kitu, si ridhaa.

Gorolová na wenzake walidai haki kwa miaka mingi. Mwaka 2009 serikali ya Czech ilitamka kwamba inasikitika. Mwaka 2021 ikapita sheria ya kumlipa koruna 300,000 kila aliyefungwa kizazi kinyume cha sheria. Basi, hapo ukatokea ukuta mwingine: leta ushahidi. Hospitali kadhaa zilikuwa zimeshaharibu mafaili ya zamani, na kuna wanawake waliokataliwa kwa sababu hiyo. Hospitali iliyomfunga mama ndiyo iliyokuwa na karatasi, halafu yeye ndiye anaulizwa karatasi iko wapi.

Wengi wetu tumewahi kukaa kliniki tukimtafsiria mama au bibi. Tunajua ilivyo rahisi daktari kuharakisha na kusema, "saini hapa tu." Sasa fikiria huna wa kukutafsiria, na daktari ameshaamua.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema Waroma hawajali afya zao, muulize: lile faili liko wapi?