Nyumba za waraibu wanaopata nafuu: Jinsi Florida inavyozitoza viwango

NYUMBA ya upataji nafuu ni makao wanamoishi pamoja watu walioacha pombe au mihadarati, aghalabu baada ya kutoka katika kituo cha matibabu na kabla ya kurejea kwa jamaa zao. Kwa kawaida haina daktari wala haitoi tiba. Inachotoa ni malazi, kanuni za kutogusa kileo na ushirika wa wenzao waliopatwa na masaibu yayo hayo. Hivyo basi, ni tofauti na vituo vya matibabu ya uraibu ambavyo nchini Kenya huidhinishwa na mamlaka ya NACADA.

Nchini Marekani, mfano maarufu wa makao hayo ni Oxford House, ulioanzishwa mwaka wa 1975 mjini Silver Spring, jimbo la Maryland. Wakazi hulipa kodi wenyewe, huchagua viongozi miongoni mwao na humwondoa yeyote anayerudia ulevi.

Kuyadhibiti makao hayo kumekuwa kitendawili cha kisheria. Mwaka wa 1988 sheria ya shirikisho kuhusu haki ya makazi ilirekebishwa ili kuwalinda walemavu dhidi ya ubaguzi. Ulinzi huo huwafikia pia waraibu wanaopata nafuu, ila si wale wanaoendelea kutumia mihadarati haramu. Mwaka wa 1995 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mji wa Edmonds, jimbo la Washington, haungeweza kujiepusha na sheria hiyo kwa kisingizio cha kanuni yake iliyowazuia watu zaidi ya watano wasio wa ukoo mmoja kuishi nyumba moja. Kwa sababu hiyo, majimbo mengi yamesita kuwalazimisha wenye nyumba hizo kuchukua leseni ambayo familia nyingine hazidaiwi.

Florida ilionja machungu ya pengo hilo. Baada ya sheria ya bima ya afya ya mwaka wa 2010 kuwaruhusu vijana kubaki katika bima za wazazi wao hadi watimize umri wa miaka 26, wagonjwa wengi walimiminika kusini mwa jimbo hilo. Baadhi ya wenye nyumba waliwapa malazi ya bure, nao wakalipwa kichinichini na vituo vya matibabu kwa kila mgonjwa waliyempeleka. Vituo vilijirudishia gharama kwa kuzitoza bima vipimo vya mkojo mara kadhaa kwa wiki. Katika biashara ya namna hiyo, aliyepona hana faida tena. Anayerudia uraibu ndiye anayeleta fedha. Mwaka wa 2016 kiongozi wa mashtaka wa Kaunti ya Palm Beach, Dave Aronberg, aliunda jopo la kuuchunguza ulaghai huo.

Tayari bunge la jimbo lilikuwa limepitisha sheria mwaka wa 2015. Kwa mujibu wake, cheti ni cha hiari. Hata hivyo, tangu Julai 1, 2016, kituo chenye leseni kimepigwa marufuku kumpeleka mgonjwa katika nyumba isiyo na cheti, na kinachokiuka hutozwa faini ya dola 1,000 kwa kila tukio. Kujitangaza kuwa na cheti ilhali huna ni kosa la jinai. Kwa maneno mengine, jimbo halikuufunga mlango wa nyumba. Lilidhibiti njia inayowaleta wateja.

Anayeomba cheti hupaswa kuwasilisha kanuni za wakazi, utaratibu wa kupima mihadarati, orodha ya ada, sera ya kurejesha fedha, maadili ya kazi na mpango wa ujirani mwema. Aidha, huhitajika ithibati ya bima, ya ukaguzi wa moto na afya, na ya kuchunguzwa kwa rekodi za uhalifu za wamiliki. Nyumba hukaguliwa kabla ya cheti kutolewa, kisha angalau mara moja kila mwaka.

Kitaifa, muungano wa NARR, ulioundwa mwaka wa 2011, umezigawa nyumba hizo katika ngazi nne: zinazoendeshwa na wakazi wenyewe, zilizo na msimamizi, zenye wafanyakazi wanaosimamia huduma, na zinazounganisha makazi na matibabu.

Hata hivyo, karatasi pekee si kinga. Arizona ilipitisha sheria ya leseni mwaka wa 2018, lakini Mei 2023 ilibidi isimamishe malipo kwa watoa huduma zaidi ya 100 walioshukiwa kuilaghai bima ya serikali. Miongoni mwa walioathirika zaidi walikuwa Wamarekani Wenyeji, baadhi yao wakiachwa bila makao nyumba zilipofungwa.

Pengine kipengele chenye uzito zaidi katika hati zote hizo ni sera kuhusu mkazi anayerudia uraibu. Mtu aliyeacha heroini kwa miezi kadhaa mwili wake hauhimili tena kiasi alichozoea, na akikirudia anaweza kufa. Nyumba inayomtupa barabarani usiku huo, bila kumjulisha jamaa wala kumtafutia pa kwenda, humwacha katika saa ya hatari kuu. Familia inayotafuta makao ya mwana wao haina budi kuisoma sera hiyo kwanza, kabla ya kuuliza bei.