Subaru Impreza za zamani: jinsi ya kusafisha na kutia grisi jointi za ekseli

Wamiliki wa Subaru Impreza za miaka ya 1990 katika eneo la West Nile wanashauriwa kukagua buti za jointi za ekseli kila gari linapoinuliwa kwa jeki. Buti iliyopasuka ikiwahiwa, gharama ni buti mpya, grisi na kazi ya fundi. Ikiachwa, vumbi huila jointi, na ekseli nzima hulazimika kubadilishwa.

Suala hili lina uzito kibiashara. Barabara kuu ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye kilomita 92, ina lami na hupita Onduparaka, kaskazini mwa Arua. Lakini anayeiacha kuelekea vijijini hukutana na moramu: vumbi jekundu wakati wa kiangazi, tope wakati wa mvua. Spea nyingi hutoka Kampala, takriban kilomita 500 kutoka Arua, na nauli yake hulipwa na mteja.

Tena gari lenyewe halina mbadala rahisi. Tangu 2018 Uganda imepiga marufuku kuingiza magari yaliyofikisha umri wa miaka 15 au zaidi. Impreza ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa 1992, haiwezi tena kuagizwa kutoka Japani. Aliyenayo hana budi kuitunza. Wapenzi wa mbio za magari wanaikumbuka kwa ushindi wa Safari Rally nchini Kenya mwaka 1996, 1997 na 2000.

Jointi hufanyaje kazi

Ekseli hupeleka nguvu kutoka giaboksi au difu hadi gurudumu. Kila ekseli ina jointi mbili. Ya nje, iliyo karibu na gurudumu, ina gololi sita zinazotembea ndani ya mifereji, hivyo gurudumu huzunguka kwa mwendo sawa hata usukani ukikatwa. Ya ndani huteleza mbele na nyuma gari linapopanda na kushuka mashimo. Impreza inayovuta kwa magurudumu yote ina ekseli nne, yaani jointi nane. Kila moja hufunikwa na buti ya mpira inayoshika grisi ndani na kuzuia uchafu nje.

Dalili za kuangalia

- Grisi iliyorushwa upande wa ndani wa rimu: buti imepasuka.
- Mlio wa "ka-ka-ka" gari likikata kona kali: jointi ya nje imelika.
- Mtikisiko gari linapoongezwa mwendo: jointi ya ndani ikaguliwe.

Buti ya ndani ya mbele, upande ulio karibu na bomba la moshi, ikaguliwe kwa makini zaidi kwa kuwa joto hukausha mpira.

Hatua za kazi

1. Legeza nati ya habu (spana ya milimita 32) gari likiwa chini. Kisha inua gari na uliweke juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Weka alama kwenye bolti za shokabsoba kabla ya kuzifungua, ili magurudumu yasipoteze mpangilio. Kwa ekseli za mbele, gonga pini inayoshika jointi ya ndani itoke, kisha chomoa ekseli.

3. Kata klampu na usogeze buti. Kwa kawaida jointi ya nje ya gari hili haichomolewi kwenye shafti. Inayofunguliwa ni ya ndani, na buti zote mbili huingizwa kutoka upande huo.

4. Weka alama za rangi kabla ya kutenganisha vipande, ili kila kimoja kirudi mahali pake.

5. Futa grisi ya zamani kwa tambara, kisha osha kwa mafuta ya taa mbali na moto. Jointi ya nje ikunjwe pande zote hadi mafuta yatoke safi. Acha ikauke kabisa: mafuta yakibaki ndani huyeyusha grisi mpya.

6. Kagua gololi na mifereji. Pakiwa na mashimo au mikwaruzo inayonasa ukucha, jointi haifai tena.

7. Jaza grisi nyeusi ya molibdenamu iliyotengenezwa kwa jointi hizi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti ya buti. Sehemu moja ishindiliwe kati ya gololi, nyingine ibaki ndani ya buti.

8. Toa hewa iliyozidi ndani ya buti, kaza klampu mpya, rudisha ekseli. Tundu za pini zisipolingana, zungusha ekseli nusu mzunguko. Tumia nati mpya ya habu, ikaze gari likiwa chini, kisha ibonyeze ukingo wake ili isifunguke.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kutumia grisi yoyote iliyopo dukani. Grisi ya kawaida ya beringi haikutengenezwa kwa msuguano wa jointi hizi, na kuchanganya aina mbili kunaweza kuifanya iwe nyepesi na kuvuja. La pili ni kufunga buti iliyopasuka kwa mpira au waya: mchanga ulioingia tayari unaendelea kusaga chuma. La tatu ni kutia grisi kwenye jointi inayolia. Grisi hupunguza kelele kwa muda, lakini hairudishi chuma kilicholika.

Kwa hiyo uamuzi hutegemea muda. Buti ikigundulika imepasuka na jointi bado kimya, safisha na utie grisi. Jointi ikiwa inalia, agiza ekseli kabla ya safari ya Ariwara au Kaya, kwani ikikatika njiani, gharama ya kuvutwa na mzigo uliochelewa huongezeka juu ya bei ya spea.