Arthur Ashe: Shajara ya mcheza tenisi na maisha nje ya uwanja

Wachezaji wengi wa tenisi wa kulipwa wameandika vitabu kuhusu maisha yao, na vingi kati ya vitabu hivyo husomwa mara moja vikasahauliwa. Mwandishi huhesabu vikombe vyake, huwalalamikia waamuzi, humshukuru mwalimu wake, na hadithi ikaishia hapo. Vitabu vya Mmarekani Arthur Ashe havikupatwa na hali hiyo. Ashe, mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Wimbledon, alikuwa na mazoea ya kujihoji mwenyewe hadharani, na maswali aliyojiuliza hayakuhusu mpira peke yake.

Kitabu kinachostahili kutangulizwa ni shajara iitwayo Portrait in Motion, aliyoiandika kwa ushirikiano na mwandishi wa habari za michezo Frank Deford, ikachapishwa mwaka 1975. Inaeleza mwaka mmoja wa maisha yake, tangu Wimbledon ya 1973 hadi Wimbledon ya 1974. Ajabu ya shajara hiyo ni kwamba inaanza na mashindano ambayo mwenyewe hakucheza. Mwaka ule wachezaji 81, Ashe akiwa miongoni mwao, waligoma kwenda Wimbledon baada ya mwenzao Nikola Pilić wa Yugoslavia kufungiwa kwa madai kwamba alikataa kuichezea nchi yake katika Kombe la Davis. Chama cha wachezaji wa kulipwa kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja, na Ashe alikuwa mmoja wa waasisi wake.

Ili kuelewa kwa nini mtu wa namna hiyo alipima kila neno kabla ya kulitamka, ni lazima turudi Richmond, katika jimbo la Virginia, alikozaliwa tarehe 10 Julai mwaka 1943. Baba yake alikuwa mlinzi na mtunzaji wa bustani ya michezo ya Brook Field, iliyotengwa kwa ajili ya watu weusi, na familia iliishi ndani ya bustani hiyo hiyo, hatua chache kutoka viwanja vya tenisi. Mama yake, Mattie, alifariki dunia mwaka 1950 wakati mtoto hajatimiza miaka saba. Viwanja bora vya mji huo vilikuwa katika bustani ya Byrd, na huko mtoto mweusi hakuruhusiwa kugusa raketi.

Kipaji chake kilinolewa na Dakta Robert Walter Johnson wa mji wa Lynchburg, tabibu mweusi ambaye kabla ya hapo alikuwa amemlea Althea Gibson, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1957 na 1958. Dakta Johnson aliwafunza vijana wake sheria ambayo haimo katika kitabu chochote cha tenisi: mpira wa mpinzani ukitua nje kidogo tu ya mstari, uhesabu kuwa umeingia. Kijana mweusi aliyekwenda kucheza mbele ya Wazungu wa Kusini hakupaswa kumpa mtu yeyote sababu ya kumfukuza. Asibishane, asikunje uso, asitupe raketi. Watu waliomwona Ashe baadaye wakasema ana utulivu wa kuzaliwa nao hawakujua utulivu ule ulifundishwa wapi, na kwa gharama gani.

Mwaka 1968, akiwa luteni wa jeshi na bado mchezaji wa ridhaa, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa kumfunga Mholanzi Tom Okker katika seti tano. Kwa kuwa hakuwa mchezaji wa kulipwa, zawadi ya dola 14,000 ilichukuliwa na aliyeshindwa. Bingwa alipata posho ya dola 20 kwa siku. Wakati huo mdogo wake, Johnnie, alikuwa askari wa majini aliyekuwa tayari amepigana Vietnam. Johnnie aliomba kurudishwa vitani mara ya pili, ili kaka yake asipelekwe. Katika hadithi nzima ya familia hii, msikilizaji, mimi naona hakuna kombe lililo zito kuliko hilo.

Umaarufu ulimfungulia milango mingi, isipokuwa mmoja. Aliomba viza ya kwenda kucheza Afrika Kusini mwaka 1969 akakataliwa, akaomba tena mwaka uliofuata, jibu likawa lile lile. Katika miaka hiyo alilitembelea bara la Afrika kwa njia nyingine. Mwaka 1970 yeye na Stan Smith walizuru nchi kadhaa, zikiwamo Kenya na Tanzania, katika safari iliyodhaminiwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Mwaka 1971, mjini Yaounde nchini Cameroon, alicheza na mtoto wa miaka 11 mwenye nguvu zisizolingana na umri wake, akampigia simu Philippe Chatrier, mmoja wa viongozi wa tenisi ya Ufaransa, kumweleza alichokiona. Mtoto huyo, Yannick Noah, alihamia Ufaransa kwa mafunzo, na mwaka 1983 akawa bingwa wa Paris.

Serikali ya makaburu ilimpa viza hatimaye mwaka 1973, na safari hiyo ya mwezi Novemba ndiyo kiini cha shajara. Ashe aliweka masharti: watazamaji wasitenganishwe kwa rangi, yeye aachwe huru kwenda atakako na kusema atakalo, na asipewe ile hadhi ya kejeli ya kuitwa Mzungu wa heshima. Uwanjani, katika Ellis Park mjini Johannesburg, alifika fainali akashindwa na Jimmy Connors, kisha akashinda mchezo wa wawili wawili akishirikiana na Okker. Jina la mtu mweusi likaandikwa katika orodha ya mabingwa wa mashindano hayo.

Lakini kurasa zenye uzito zinahusu watu aliokutana nao nje ya uwanja. Ashe anasimulia juu ya kijana mmoja mweusi aliyekuwa akimfuata kila anakokwenda. Alipomuuliza sababu, kijana akamjibu kuwa yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza aliye huru kweli kweli ambaye amepata kumwona kwa macho yake. Alikutana pia na mshairi na mwandishi Don Mattera, ambaye wakati huo huo utawala ulimpiga marufuku, asiruhusiwe kuandika wala kukusanyika na watu. Na waandishi weusi walimwambia ana kwa ana kwamba hakupaswa kuja. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mgeni mwenye jina kubwa anapocheza, akalala katika hoteli nzuri na kupigwa picha, serikali hupata ushahidi wa kuuonyesha ulimwengu kwamba hali si mbaya kama inavyosemwa.

Je, nani alikuwa na haki? Miaka mingi imepita na swali hilo bado linanitatiza. Mark Mathabane, kijana aliyekulia katika umaskini wa kitongoji cha Alexandra, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi kumwona Ashe kulivyombadilisha. Alikwenda Marekani mwaka 1978 kwa udhamini wa masomo uliotokana na tenisi, akisaidiwa na Stan Smith. Huo ni ushahidi wa upande mmoja. Ila mtu mmoja kutoka haina maana kwamba mlango umefunguliwa. Ashe mwenyewe aliusikia upande wa pili, na kwa miaka iliyofuata akahama taratibu hadi kuwa mtetezi wa kuitenga Afrika Kusini. Mwaka 1983 yeye na mwanamuziki Harry Belafonte waliunda umoja wa wasanii na wanamichezo wanaopinga ubaguzi wa rangi, na Januari 1985 alikamatwa akiandamana nje ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Aliyekwenda kuzungumza nao akaishia kufungwa pingu mlangoni mwao. Wapo waliouita ugeugeu. Kwangu mimi, huyo ni mtu aliyeyasikiliza aliyoambiwa na waandishi wale.

Mechi ambayo ulimwengu unamkumbuka nayo ilichezwa tarehe 5 Julai 1975. Ashe alibakiwa na siku tano tu kutimiza miaka 32. Connors, bingwa mtetezi, alikuwa na miaka 22, hakuwa amepoteza hata seti moja kufika fainali, na alikuwa amemshinda Ashe katika mechi zote tatu walizokutana awali. Juu ya hayo, Connors alikuwa amefungua kesi dhidi ya Ashe, rais wa chama cha wachezaji wakati huo, akidai fidia ya mamilioni ya dola.

Usiku wa kuamkia fainali, Ashe alikaa na marafiki zake wakapanga. Connors hula nguvu za mpinzani; ukimpiga kwa kasi, mpira hukurudia kwa kasi zaidi. Basi asipewe kasi. Ashe, aliyezoea kupiga kwa nguvu zake zote, aliuacha mchezo wake mwenyewe. Alianzisha mpira kwa kuuzungusha utoke pembeni, akimvuta Connors nje ya kiwanja. Alimpelekea mipira laini, mifupi, ya chini. Alipokimbilia wavuni, akamrushia mpira wa juu nyuma yake. Seti mbili za kwanza zikaisha 6-1, 6-1. Connors akaipata ya tatu 7-5, akaongoza 3-0 katika ya nne, na wengi wakadhani mzee amechoka. Ashe hakubadili kitu. Kila walipopumzika alikaa kitini akafumba macho, na kwa shati lake la juu lenye herufi za timu ya taifa alilovaa kuingia uwanjani, alikuwa amekwisha kumkumbusha Connors kwamba alikataa kuichezea Marekani katika Kombe la Davis. Seti ya nne ikaisha 6-4.

Moyo ulimsaliti mwaka 1979, akapasuliwa Desemba ya mwaka huo, akaacha mchezo mwaka 1980. Upasuaji wa pili ulifanyika mwaka 1983, na baada yake aliongezewa damu. Hospitali za Marekani zilikuwa bado hazijaanza kupima damu dhidi ya virusi vya Ukimwi. Kipimo kilipatikana mwaka 1985. Mwaka 1988 mkono wake wa kulia ulipooza ghafla, na uchunguzi ukabaini kwamba ana Ukimwi.

Yeye na mkewe, mpiga picha Jeanne Moutoussamy, waliificha habari hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu, wakilea binti yao mdogo, Camera. Aprili 1992 gazeti la USA Today lilimpigia simu kumuuliza kama ni kweli. Siku iliyofuata, tarehe 8, aliitisha mkutano na waandishi wa habari mjini New York akatangaza mwenyewe. Alipofika mahali pa kumtaja binti yake sauti ilikatika, na Jeanne akasimama kumsomea. Katika Afrika Mashariki tulikuwa tumeshuhudia tangazo la aina hiyo: mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alijitokeza na kusema anaugua. Lutaaya alichagua siku yake. Ashe alinyang'anywa ya kwake, na hilo lilimuuma, jambo analolieleza kwa ukali usio wa kawaida katika kitabu chake cha mwisho, Days of Grace, alichokiandika na Arnold Rampersad.

Katika kitabu hicho kuna kauli iliyowashtua wasomaji. Aliulizwa kama Ukimwi ndio mzigo mzito kuliko yote aliyowahi kubeba, akajibu hapana, kuwa mtu mweusi katika Marekani ni mzigo mzito zaidi. Kisha anatoa mfano mdogo. Siku moja ya mwaka 1992, kwenye tamasha la tenisi la kuchangisha fedha za Ukimwi, alimwona Camera akicheza na mwanasesere mweupe wa dhahabu za nywele, zawadi kutoka kwa familia ya rafiki yake Stan Smith, huku kamera za televisheni zikiwaelekea. Akaingiwa na hofu juu ya watakayosema watazamaji weusi, akamwomba mkewe amwondolee mtoto mwanasesere yule. Baadaye alijaa hasira: mtoto wa miaka mitano alikuwa amekatiziwa mchezo kwa sababu ya rangi, na aliyemkatiza ni baba yake.

Arthur Ashe alifariki dunia tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49, na Days of Grace kikatoka mwaka huo huo. Sura yake ya mwisho ni barua kwa Camera.

Mji wa Richmond ulimjengea sanamu, iliyozinduliwa tarehe 10 Julai 1996. Anaonekana amezungukwa na watoto, ameinua vitabu kwa mkono mmoja na raketi kwa mkono mwingine, vitabu vikiwa juu zaidi. Iliwekwa katika barabara ya Monument, iliyokuwa na sanamu za majenerali waliopigania kudumisha utumwa, na mabishano juu ya mahali hapo yalikuwa makali. Kati ya mwaka 2020 na 2021 majenerali hao waliteremshwa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akiwa Robert E. Lee mwezi Septemba 2021. Sanamu ya mtoto wa mlinzi wa bustani ilibaki mahali pake.