Timu iko mbalimbali? Hivi ndivyo ya kuandaa shughuli ya mtandaoni isiyoboa

Ijumaa, saa kumi jioni. Linki imetumwa, watu 22 wameingia, kamera nne tu ndizo zimewashwa. Bosi anasema: "Haya jamani, kila mtu atuambie kitu kimoja kinachomfurahisha." Kimya. Mmoja anajibu kwa kusitasita, wa pili kasahau kuwasha maiki, wa tatu mtandao umekata. Baada ya dakika 50 watu wanaagana fasta kuliko walivyosalimiana.

Kwa timu ambazo mmoja yuko Nairobi, mwingine Mwanza na mwingine Kigali, hali hii si ngeni. Korona ilipowapeleka watu kufanya kazi nyumbani mwaka 2020, zipo ofisi ambazo hazikurudi kabisa kama zamani, na wengine wameajiriwa bila kuwahi kukaa meza moja na wenzao. Wanajuana kwa jina na kapicha ka duara. Mhasibu mgeni anayeona aibu kumpigia mtu wa stoo asiyemjua atabahatisha takwimu badala ya kuuliza. Shughuli ya kujenga timu iko kwa ajili ya kuondoa aibu hiyo. Ikipangwa vibaya, inaiongeza.

Saa ngapi, na siku gani?

Kosa la kwanza hutokea kwenye mwaliko wenyewe. "Tukutane saa 8" kwa Mswahili ni mchana. Kwa mwenzake aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza ni asubuhi. Mwaliko uandikwe 14:00, saa nane mchana, kwa saa za Afrika Mashariki, basi.

Halafu kuna tofauti ya nchi. Tanzania, Kenya na Uganda zina saa moja. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja, Kinshasa kwa saa mbili. Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja. Kwa hiyo saa nane mchana ya Nairobi ni saa saba ya Kigali, mtu yuko kwenye chakula, na saa sita ya Kinshasa.

Ijumaa jioni inapendwa na mabosi kwa sababu wiki imeisha, lakini ndiyo siku mbovu kuliko zote. Oman wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo aliyeko Muscat anaitwa siku ya mapumziko. Mchana wa Ijumaa, Waislamu wanaenda msikitini. Na jioni yoyote ni saa ya kuchukua watoto, kupika na foleni. Jumanne hadi Alhamisi, katikati ya saa za kazi, ndiyo nafuu. Shughuli ikiwa ni ya kazi, ifanyike kwenye muda wa kazi. Anayeambiwa ajifurahishe kwa muda wake mwenyewe anaona kabisa kwamba ameongezewa zamu.

Mwezi wa Ramadhani, wazo la "tule lunchi pamoja mbele ya kamera" liwekwe pembeni.

Bando ni la nani?

Hapa ndipo timu nyingi huanguka bila kujua. Saa moja ya kikao cha video cha kikundi inaweza kula MB 700 au hata kupita GB 1, kutegemea ubora wa picha. Sauti peke yake hula MB chache sana, makumi tu. Aliye ofisini kwenye waifai hahisi kitu. Aliye nyumbani Bukoba anayetumia bando lake la wiki anahesabu kila dakika, na ndiye huyo anayeonekana "hashiriki" kwa kuwa kazima kamera.

Dawa yake ni rahisi: siku moja kabla, kila mshiriki atumiwe hela ya bando kwa simu, kiasi kilekile kwa wote bila kuuliza nani anahitaji. Kuuliza nani hana ni kumwaibisha. Kama bajeti haipo, ichaguliwe michezo inayochezeka kwa sauti tupu, na jambo hilo lisemwe wazi kwenye mwaliko.

Kamera nayo isilazimishwe. Mwaka 2021 Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha makala akieleza sababu nne za uchovu wa vikao vya video: macho mengi yanayokutazama kwa karibu, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kusogea, na akili kufanya kazi ya ziada kutafuta ishara ambazo uso kwa uso huja zenyewe. Zoom ina sehemu ya kuficha picha yako mwenyewe usijione, huku wengine wakiendelea kukuona. Wengi hawaijui, na inasaidia.

Dakika 40 zinatosha

Zoom ya bure hukata kikao baada ya dakika 40. Google Meet ya bure hukata baada ya dakika 60 wakiwa watu watatu au zaidi. Wapo wanaolalamika, lakini kwa shughuli ya timu kikomo hicho kinafaa: mchezo ukiisha watu wakiwa bado wanautaka, wataingia tena mwezi ujao.

Muda wenyewe unaweza kwenda hivi: dakika tano za kusalimiana huku wanaochelewa wakiingia, dakika tatu za kueleza mchezo, ishirini za kucheza kwenye vikundi, kumi za kurudi pamoja na kusimuliana. Zinazobaki ni za mtandao kusumbua. Utasumbua.

Vikundi viwe vya watu wanne au watano. Wakifika kumi, wawili wataongea na wanane watasikiliza. Zoom ina vyumba vidogo vya kuwagawa watu. Kwa wanaotumia Meet ya bure, zifunguliwe linki tofauti mapema. Wachanganywe: mtu wa mauzo na wa mitambo, mgeni na mkongwe. Kila chumba kiwe na mwenyeji mmoja aliyeelezwa kabla, kazi yake kubwa ikiwa kuangalia nani ametoka hewani. Mtu akirudi baada ya mtandao kukata na asipoambiwa "karibu tena, tuko hapa", siku nyingine hatahangaika kurudi.

Michezo inayofanya kazi

Vitendawili vinatamba mtandaoni kuliko michezo mingi ya kununua. Sababu ni utaratibu wake. Mmoja anasema "Kitendawili!", wote wanawasha maiki na kuitikia "Tega!". Hapo hapo kimya kimevunjika na hakuna aliyebaki mtazamaji. Wakishindwa kujibu, mtegaji anasema "Nipeni mji", nao wanampa mji. Kwa timu iliyotawanyika, hapa pana utamu: mji utakaotolewa uwe ule anakokaa mmoja wa wenzao, na mwenyeji wa mji huo aseme jambo moja la huko, iwe ni chakula, njia au kituko cha mtaani. Mtu wa Kisumu atajua mwenzake wa Tanga anaishi jirani na kiwanda cha maziwa, na kesho yake wana la kuanzia.

Wasiozoea Kiswahili, kama wa Kigali au Kinshasa, watege cha kwao na kukitafsiri. Vicheko huja hasa tafsiri ikigoma.

Mwingine ni ule wa utotoni wa jina, mji, mnyama na tunda. Inatajwa herufi, kila mmoja ana dakika moja ya kujaza karatasi yake. Majibu yanayofanana yanagawana alama. Hauhitaji picha wala programu.

Mambo matatu ya mtu mwenyewe, mawili kweli na moja uongo, bado unafanya kazi ilimradi mambo yenyewe yatumwe kwa mwendeshaji jana yake. Akiombwa pale pale, mtu hubabaika na kusema anapenda muziki.

Kahoot ni nzuri kwa timu kubwa, ila ijaribiwe kwanza. Kwa kawaida swali huonekana kwenye skrini ya mwendeshaji na jibu hubonyezwa kwenye simu. Aliyeingia kikaoni kwa simu hiyohiyo atakuwa anaruka huku na huku na atashindwa kila raundi.

Yasiyofaa

Maswali ya ndoa, watoto na uzito yakae mbali. Hata "leteni picha za utotoni" ina mtego wake, maana wapo waliokua bila kamera nyumbani na wapo waliopoteza kila kitu vitani. Kuiga lafudhi za wenzao kunachekesha wote isipokuwa anayeigwa. Bosi naye asiwe mwendeshaji. Acheze kama wengine, na akishindwa ni vizuri zaidi.

Asiyetaka kuja aachwe bila kuulizwa sababu, na kusiandikwe mahudhurio.

Siku inayofuata

Fomu ya maoni yenye maswali 15 haijazwi na mtu. Kinachosaidia ni mwandaaji kuwatumia ujumbe binafsi watu watatu, wakiwemo waliokaa kimya, na kuuliza kimoja tu: ni wapi ulitamani kutoka? Majibu hayo ndiyo ya kurekebisha shughuli ijayo. Kisha atafutwe mwendeshaji mpya, ikiwezekana aliyeko mji mwingine, na tarehe itangazwe angalau wiki mbili kabla ili aliyeko Muscat, au anayechukua watoto saa tisa, aseme mapema kama siku hiyo haimfai.