Tunalima pamba, tunaungua chini ya mabati

Nimekuwa kimya kidogo, wadau. Nilikuwa nyumbani Bariadi, na huko nikapewa kazi ambayo sikuisomea chuoni wala haihusiani na gazeti linalonilipa mshahara. Mama mkubwa anajenga fremu mpya kandokando ya barabara iendayo Lamadi. Anataka kuhamishia humo duka lake la dawa muhimu. Kuta zilishasimama, kenchi zilishapigwa, na fundi alikuwa anasubiri jibu la swali moja tu: dari iwekwe au isiwekwe?

"Wewe ndiye msomi, mwanangu," mama mkubwa akaniambia. "Fundi anasema dari ni urembo tu. Hebu niambie, pesa yote hiyo ni ya urembo?"

Sikuwa na jibu. Nilichofanya ni kuazima kipimajoto cha ukutani na kukitundika kwenye duka analopanga sasa, ambalo limeezekwa bati tupu, ukiinua macho unaona misumari. Saa nane mchana kilisoma nyuzi 37. Nikakitoa nje, chini ya mwarobaini, kikashuka hadi 31. Yaani ndani ya duka kulikuwa na joto kuliko nje! Halafu nikachukua boksi moja la vidonge rafuni na kusoma maandishi madogo ya pembeni: hifadhi pasipozidi nyuzi 30. Nikachukua jingine, maneno yale yale.

Mama mkubwa hakushangaa. "Ndiyo maana dawa za maji naziweka rafu za chini," alisema. "Juu kunachoma." Hakuhitaji kipimajoto. Anafanya biashara chini ya bati hilo kwa miaka mingi na mwili wake umeshapima.

Basi nikaanza kujiuliza swali ambalo nadhani wengi hatujiulizi. Ilikuwaje tukafika hapa? Nani alituambia kwamba duka ni sanduku la bati?

Tuanze kwa wazee. Nyumba ya msonge ya Kisukuma, ile ya duara yenye paa la nyasi lililochongoka, unaweza kuiona mpaka leo pale makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza. Iangalie vizuri. Nyasi zimepangwa nene, na ndani ya nyasi hizo kuna hewa iliyonaswa isiyoweza kutembea. Hewa iliyotulia ni mbovu kabisa wa kupitisha joto, na siri ya kuhami jengo lolote duniani ni hiyo hiyo, kuikamata hewa na kuikataza kutembea. Paa linashuka mpaka karibu na chini, hivyo ukuta wa udongo haupigwi na jua. Mchana panapoa, na alfajiri za Juni na Julai, ambapo Bariadi kunakuwa na baridi ya kukufanya utafute sweta, panabaki na joto la jana.

Kuna atakayesema msonge ni nyumba ya kulala, siyo ya biashara. Haya, twende jirani zetu Unyamwezi. Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliokuwa na pembe za ndovu na majora ya vitambaa waliishi na kuweka mali kwenye matembe, nyumba zenye kuta nene za udongo. Moja ipo Kwihara, karibu na Tabora, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Udongo haunasi hewa kama nyasi, lakini una uzito. Unachelewa kupata joto, na ukishalipata unachelewa kuliachia, hivyo jua la mchana linafika ndani usiku, wakati unalihitaji. Kwa hiyo usiniambie kwamba ghala lenye ubaridi ni jambo geni kwetu.

Bati nalo lina historia yake, na hapa ndipo nilipopata la kunichekesha. Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829. Aliyeibuni, Henry Robinson Palmer, alikuwa mhandisi wa bandari, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuezekea vibanda vya mizigo. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kulipaka zinki ili lisiote kutu, na tangu hapo likasafiri dunia nzima kwa meli, maana ni jepesi na linapangwa kama karatasi. Lakini ona lilikotoka: lilibuniwa kwa ajili ya kukinga mizigo na mvua, katika mji wa baridi. Mtu wa kukaa chini yake kutwa nzima huku jua la utosi likiwaka hakuwemo kwenye hesabu.

Huku kwetu lilikuja na reli na pamba. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka, kule Maswa. Kadiri pamba ilivyoenea, vikaenea vinu vya kuchambulia na maduka ya Wahindi yaliyouza vitambaa, chumvi na majembe. Mwaka 1955 wakulima wenyewe wakaunda shirikisho la vyama vyao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo Paul Bomani alikuwa kinara wake. Ghala la ushirika likawa jengo kubwa kijijini, na bati lake likaonekana kwa mbali likimeremeta. Sasa jiweke kwenye nafasi ya kijana wa wakati ule. Wenye pesa wote, Mhindi, Mzungu na ushirika, wanakaa chini ya bati. Wewe utataka nyasi?

Sitaki kuwa mnafiki. Bati lina sifa zake. Nyasi zinashika moto, zina panya na nyoka, zinavuja usipozibadilisha. Tena nyasi na miti yenyewe ilikuwa inaisha. Maeneo makubwa ya Usukuma yalifyekwa zamani za ukoloni ili kufukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikamalizia, mpaka mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kufufua ngitili. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga (Simiyu imezaliwa mwaka 2012 tu). Mtu asiye na nyasi za kuezekea humlaumu kwa nini akinunua bati? Na tangu mwaka 1960 kulikuwa na kiwanda cha Aluminium Africa pale Dar es Salaam.

Aliyelaumu ni Mwalimu. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Nyerere aligusa jambo hili kwa ukali. Aliona kung'ang'ania saruji na mabati ni kupooza kwa akili, akaikejeli saruji kuwa ni udongo wa Ulaya, na akasema bati si kitu mbele ya kigae. Miaka sita kabla, mwaka 1971, serikali ilikuwa imeanzisha kitengo cha utafiti wa majenzi, ambacho baadaye kikawa Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora. Sisi tulisikiliza, tukapiga makofi, tukaenda kununua bati. Kwa maoni yangu Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu joto na alikosea kuhusu watu. Kigae ni kizito, kinataka kenchi nene, na miti ya kenchi nene tulishaikata.

Sasa jambo la kuchekesha zaidi. Wakati Mwalimu anasema hayo, nchi za baridi nazo zilikuwa zinahangaika na mapaa yao. Vita vya Waarabu na Israeli vya mwaka 1973 vilipandisha bei ya mafuta karibu mara nne. Sisi tukakosa fedha za kigeni. Wao wakagundua kwamba maofisi, maduka makubwa na maghala yao yalikuwa yanapasha joto anga. Sheria za ujenzi zikakazwa, Sweden, Denmark na kwingineko, unene wa kinachowekwa juu ya dari na ndani ya kuta ukaongezwa. Kabla ya hapo walishapita kwenye maranda ya mbao, magome ya mti, hata majani ya baharini yaliyoshonwa kama godoro, hadi wakafika kwenye sufi ya kioo katika miaka ya 1930. Hawakuzaliwa nayo. Bili ndiyo iliyowafundisha.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo yuko Sweden, na aliwahi kufanya kibarua cha kujaza sufi hiyo kwenye ghala la vyakula. Nilimwandikia kumuuliza kuhusu duka la mama mkubwa. Akanijibu jambo ambalo sikulitegemea: msiige kila kitu. Kule wanaweka karatasi ya plastiki upande wa ndani, kwa sababu hewa ya ndani ni ya moto na yenye unyevu, na ikipenya ikakutana na ubaridi wa nje inageuka maji na kuozesha ukuta. Wamarekani walilijua hilo kwa shida katika miaka ya 1930, rangi zilipoanza kubanduka kwenye nyumba walizozijaza vihami. Bariadi adui anatoka juu. Bati likipigwa na jua la saa saba linaweza kufika nyuzi 60, nalo linakumulika utosini kama jiko lililogeuzwa. Kinachotakiwa kwanza ni kitu cha kukaa katikati yake na wewe, na matundu ya kuitoa hewa ya moto iliyonaswa huko juu.

Na kitu hicho kinaweza kuwa nini? Hapa ndipo panaponiuma. Chuma cha bati kinapitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko pamba. Pamba! Simiyu kwa misimu mingi ndiyo imeongoza nchini kwa zao hilo. Marobota yanapita mbele ya duka la mama mkubwa kwenye malori, yakielekea nje ya nchi, na yeye amekaa ndani anajipepea na kipande cha boksi. Marekani wamewahi kutengeneza magodoro ya pamba ya kuweka kwenye dari, na hadi leo wapo wanaosaga jinzi kuukuu kwa kazi hiyo hiyo, wakizitia dawa ya jamii ya boroni ili zisishike moto. Inawezekana kabisa jinzi hizo zina nyuzi za Bariadi ndani yake.

Nilipomwambia fundi, alicheka mpaka akakaa chini ya ngazi. "Kaka, pamba juu ya nyaya za umeme? Na panya je?" Ana haki. Pamba isiyotiwa dawa ni kiberiti, muulize yeyote aliyewahi kuona jineri ikiungua. Hiyo dawa sijaiona ikiuzwa mjini kwetu, na sina nia ya kuunguza duka la mama yangu kwa ajili ya nadharia.

Tukarudi kwenye hesabu. Dari ya jipsamu kwa fremu nzima ilikuwa nje ya uwezo wake kabla ya malipo ya pamba ya mjomba. Nikamshauri agawe: chumba cha nyuma cha kuhifadhia dawa kipigwe dari sasa hivi, ya mbao nyembamba, na kwenye kuta za pembetatu za juu, mashariki na magharibi, fundi aache matundu na kuyaziba kwa wavu wa chuma. Wavu huo ndiyo sharti pekee alilotoa mama mkubwa, maana popo anawachukia kuliko joto. Mbele, kwa wateja, akaongeza baraza la mita moja na nusu ili ukuta usipigwe na jua la jioni. Fundi akanung'unika kwamba baraza linakula bati tatu zaidi.

Kipimajoto nilimwachia, nikamlipa mwenyewe aliyeniazima. Juzi nikiwa kazini nikapokea ujumbe wa simu: "Mwangaluka mwanangu. Saa nane hii. Stoo 30, mbele 35. Dawa zote za maji nimezihamishia stoo. Mjomba wako anauliza mbele nako utaweka lini dari."