Mimi na Toutou: Boti Zilizogeuzwa Manowari

Mwana Magole yeyote aliyepata kupanda treni ya zamani pale Kilosa kuelekea bara ameifuata njia ya vita. Reli ile ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Ndiyo iliyopitisha vipande vya meli Graf von Goetzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba. Ziwa Tanganyika likawa mikononi mwa Wajerumani.

Waingereza hawakuwa na meli ziwani, wala reli iliyofika moja kwa moja. Ilibidi watafute chombo chepesi. Wakachukua boti mbili za mbao, urefu futi 40, zenye injini za petroli, zilizokuwa zimeagizwa na Ugiriki kabla ya vita ili kuhudumia ndege za majini. Kamanda wao, Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou, kwa Kifaransa cha watoto: paka na mbwa!

Mbele ukafungwa mzinga mdogo, nyuma bombomu, na matangi ya petroli yakakingwa kwa chuma. Lakini mbao ni mbao. Mzinga uliweza kupigwa mbele tu. Ukiupiga kwa ubavu, kishindo kingeweza kuipasua boti.

Mwezi Juni 1915 zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Fungurume, Kongo. Kutoka hapo zilikokotwa milimani kwa matrekta ya mvuke na maksai. Mamia ya vibarua Waafrika walifyeka njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Maji ya matrekta yalipokwisha, wanawake wa vijijini waliyabeba vichwani. Vitabu vinalitaja sana jina la kamanda. Ya hawa havikuyaandika, na kwa maoni yangu bila wao boti zile zingeozea porini.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, ilitokea karibu na Lukuga (leo Kalemie). Mzinga wake nao ulipiga mbele tu. Mimi na Toutou, zenye mbio kuliko yeye, zikamjia kwa nyuma. Katika dakika chache nahodha wake aliuawa na meli ikatekwa. Waingereza wakaitengeneza, wakaiwekea mzinga mkubwa zaidi na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi waliizamisha Hedwig von Wissmann, ambayo nayo kabla ya vita ilikuwa meli ya kawaida tu.